Bec Yenye Nilichemusha

Bamama wenzangu, mwenye kuwa na mutoto anajifunza muziki, asome hii mbele ya kuweka sufuria ku moto. Mimi sikusoma mingi. Niliishia ku la sixième primaire kule Mokambo, na sijui kupanga maneno kama bale ba ku université. Lakini hii maneno ilinipata mimi mwenyewe, sikuambiwa na muntu.

Mutoto yangu wa kike anaitwa Mapalo, iko na miaka kumi na munane. Tunaikala Katuba, mimi na yee, juu baba yake anafanya kazi Sakania na anarudiaka paka mwisho wa mwezi tu. Mapalo anapiga saxo, ile tarumbeta ya kupinda, mu fanfare, bendi ya paroisse, tangu iko mudogo. Mu fanfare kila kintu kinaandikwa. Nilikuwa naona karatasi yake ku meza, na tule tutone tweusi, nilikuwa natulia. Muntu akisoma karatasi, unajua anafanya nini.

Kisha akaleta maneno ya jazz mu nyumba.

Kamalondo kuko bwana moja, Jean-Claude, mukubwa wa orchestre. Alikuwa anatafuta saxo ya pili, juu mu mwezi wa munane benda kupiga Lusaka. Mapalo alitaka ile nafasi vile sijaona anataka kintu ingine. Lakini kwa Jean-Claude hakuna karatasi. Zamu yako ikifika, unasimama na unapiga kintu chenye hakuna muntu aliandika, palepale, mbele ya bantu. Banaita impro. Jean-Claude alimusikia mara moja, akamuambia: "Mutoto, unasoma muzuri sana, lakini hausemi kitu. Uko na miezi tatu. Enda kwa muzee Feruzi akufundishe kusema."

Feruzi ni fundi wa nguo mu commune ya Kenya, ule mutaa wa hapa kwetu, haiko ile inchi. Ni muislamu, babu yake alitoka Maniema. Zamani alikuwa anapiga saxo mu baorchestre, sasa anashona masuruali. Bibi yake alikufa, batoto bako mbali, anaikala peke yake mu nyumba moja na mashini yake. Munaona? Muzee, peke yake, mulango wa kufunga. Mimi tangu siku ya kwanza roho yangu ilikatala.

"Juu ya nini anafunga mulango?" nilimuuliza Mapalo.

"Maman, juu ya bajirani. Saxo inalia sana."

"Na dirisha?"

"Na dirisha vilevile, maman. Unataka niitoe paa?"

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya pili na siku ya ine ya kila juma, saa kumi, anaenda. Anakatala kula mbele ya kwenda, anasema tumbo ikishiba pumuzi inakuwa fupi. Anarudia saa kumi na mbili, meso inawaka, mudomo imevimba. Akaanza kukonda, ni mimi njo nilipunguza kiuno cha sketi yake. Hapo mama mwenye akili atafikiri nini?

Na ile mazoezi yenyewe! Mu fanfare, muntu anajifunza wimbo, anaujua, anaupiga, basi. Yee, juma nzima, anapiga sauti tatu. Tatu! Anazigeuza, anazivuta, anazikata, anarudia. Juma ingine, anachukua wimbo wa ku misa, ule tunaimbaka ku komunio, anaupiga mara moja vile uko, mara ya pili anauvunja mpaka siutambui. Nilimuambia: "Ule ni wimbo wa Bwana Yesu, haiko mukate wa kumenya-menya." Akajibu: "Muzee anasema kama unapenda wimbo, unaweza kuusemesha." Kusemesha! Nyumba nzima ilianza kujibiwa. Muuza makala anapita ku avenue anaita "Makalaaa," yee ndani anamujibu na saxo. Bomba inatoa tone, anaijibu. Nakohoa, ananijibu na kikohozi yangu, lakini inaishia juu, kama swali.

Siku moja nilisimama ku mulango wa chumba chake. Alikuwa peke yake. Alipiga kidogo, akanyamaza. Kisha nikasikia anasema, na sauti kama ya muntu muzima: "Ulishasema. Sema ingine." Akapiga tena. Akanyamaza. "Ulishasema."

Nilisukuma mulango. "Unasema na nani?"

"Na mimi mwenyewe, maman."

"Muntu hasemi 'ulishasema' kwa yee mwenyewe."

"Muzee njo anasemaka vile nikirudilia kintu kimoja. Nikiwa peke yangu, inafaa nijiambie."

Munaona? Maneno ya ule muzee ilikuwa mu kinwa ya mutoto yangu hata pale yee hayuko.

Nilienda kumuona Albertine. Tunaimba naye mu chorale, na bantu banamujua kama muntu wa kuomba sana. Nilimuelezea yote. Aliniuliza paka kintu kimoja: "Alimupatia kitu?"

Kweli, alimupatia. Bec ya saxo ya paroisse, ile kipande kinaingia mu kinwa, ilikuwa ya plastiki na ilipasuka. Feruzi alimupatia ya kwake, ile alipiga nayo miaka makumi tatu. Nyeusi, ya mupira mugumu wa zamani, na juu yake alama ya meno. Meno ya muzee. Mapalo aliileta mu kitambaa kama mayai.

"Ee Edith!" Albertine alipiga mikono. "Kintu kilikaa mu kinwa ya muntu miaka makumi tatu, leo kiko mu kinwa ya mutoto? Pumuzi yake yote iko mule ndani. Bamuzee banajua kujiongezea siku. Si unaona vile anakonda?"

"Naona."

"Basi mbona unaniuliza mimi?"

Sikusema neno "mulozi", wala "muchawi". Na yee hakusema. Lakini lilikaa katikati yetu kama mugeni.

Ile siku ya posho, njo Jumamosi, Jean-Claude alipanga kubasikia bote benye kutaka ile nafasi, saa nane. Asubui Mapalo alienda kusuka nywele. Saxo ilibaki ku kitanda. Nilifungua ile sanduku, nikatoa bec. Nilikuwa na maji ya baraka ya Pasaka mu chupa, na chumvi padri aliibariki. Nikaweka byote mu sufuria, nikawasha brasero ya makala, nikatia bec. Nilitaka itoke safi. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilitaka paka itoke safi na mutoto ashinde.

Maji ilianza kuchemuka, na harufu ikatoka. Harufu ya kiberiti na ya yai yenye kuoza! Nilipiga alama ya musalaba. Nikasema, njo huyu anatoka. Niliongeza makala. Nilipoitoa, weusi wake uliisha, ilikuwa na rangi kama sombe, majani ya muhogo, yenye kulala siku tatu. Nikafurahi. Niliipangusa, nikairudisha mu kitambaa chake. Kama kuko mama mwenye kucheka hapa, acheke, lakini ajiulize yee angefanya nini.

Salle ya Kamalondo, ule ukumbi wa muziki, ilijaa, labda bantu makumi ine, bapiga muziki na bale benye kubasindikiza. Feruzi alikuwa amekaa mbele, koti ya kijivu, kofia yake ku goti. Mara ya kwanza nilimuangalia muzuri. Muzee mufupi, vidole bya sindano. Alinisalimia: "Jambo, mama ya Mapalo. Mutoto iko tayari, utaona." Nilimujibu na kichwa.

Bakaita Mapalo. Alifungua kitambaa, akasimama hivi. Akageuza bec ku mwangaza.

"Ni nini, mutoto?" Jean-Claude aliuliza.

"Hakuna kitu, papa."

Akaiingiza, akapulizia. Ilitoka sauti ya nguruwe yenye kuchinjwa. Bantu bakacheka. Akapanga tena anche, ule wembe wa tete, akapulizia, nguruwe tena. Feruzi alisimama, akachukua bec, akapitisha kidole kikubwa ku ncha yake, akainusa, akagusisha ku ulimi.

"Imepinda," alisema. "Huu mupira uko na kiberiti ndani, haupende moto." Kisha akasema polepole, kwa Mapalo peke yake, lakini nilikuwa karibu: "Na iko na chumvi."

Mutoto yangu alinigeukia. Bamama, kuko namna mutoto anaangaliaka mama yake mara moja mu maisha. Mimi nilishaangaliwa.

Kijana moja wa ku orchestre, Bahati, alinyoosha bec yake: "Chukua ya kwangu, yaya, dada yangu, utanirudishia." Mapalo aliipokea. Aliiangalia, akaniangalia, akasema na sauti ya kila muntu kusikia: "Na hii, maman, utaichemusha?"

Salle yote ikalipuka na kicheko. Bahati mwenyewe alicheka: "Mama, mimi sina magonjwa, napigaka meno mswaki!"

Mapalo akapiga. Lakini bec ya muntu ni kama kiatu cha muntu. Sauti ilikuwa inakimbia, yee anaifwata. Alisema kintu, akakirudia, akakirudia tena. Hata mimi, mwenye sijui kitu, nilisikia mu kichwa: ulishasema. Alimaliza, akashusha saxo, meso chini.

Jean-Claude alijikuna shingo. "Nasikia kuko kitu, mutoto. Lakini sauti haiko. Siwezi kuchukua kitu sisikii. Pole."

Sasa musikilize vile kosa la kwanza lilizaa la pili, juu la pili njo kubwa. Nilisimama. Roho ilikuwa inaniuma, nilitaka kuponyesha mutoto. Nikasema: "Papa Jean-Claude, kosa haiko yake. Ni mimi nilichemusha ile bec asubui, na chumvi ya baraka."

"Juu ya nini, mama?"

Ningeweza kusema ilikuwa muchafu. Ile neno ilikuwa karibu, ku ncha ya ulimi. Lakini nilikuwa mbele ya bantu, nikaona nisidanganye, nikasema: "Niliogopa pumuzi ya muzee."

Hakuna mwenye kucheka. Kila kichwa kikageuka kwa Feruzi. Munajua hapa kwetu ile kugeuka ni nini. Mwanamuke moja alivuta mutoto wake karibu na sketi yake. Jean-Claude alisema upesi-upesi: "Bon, bon, mama, mutoto arudie juma mbili zikipita, na bec muzuri." Lakini Feruzi alikuwa amevaa kofia yake. Alipita mbele yangu, akaniambia: "Mama ya Mapalo, ungekuja kuniuliza. Mulango ungebishwa, ungefunguka." Akatoka.

Nilipata juma mbili za mutoto. Bei yenye nililipa, sikuijua bado.

Siku ya kwanza kisha ile ya posho, bantu batatu balienda kuchukua masuruali yao kwa Feruzi, ingine haikuisha kushonwa. Siku ya pili, muntu aliandika na makala ku mulango wake lile neno mimi na Albertine hatukulisema. Siku ya tatu, jiwe ku bati. Mapalo alienda na saxo yake ku saa yake ya somo, akarudia kisha dakika makumi tatu.

"Hakufungua," alisema.

"Alikuwa hayuko?"

"Alikuwa. Aliongea ku dirisha. Alisema: mutoto, sina maneno na wewe, lakini ukionekana hapa, batasema nakukula." Akaweka sanduku chini. "Ni hayo maman alitaka?"

Tangu ile saa, mu nyumba yangu hakuna aliyejibu bomba. Hakuna aliyejibu muuza makala. Saxo ilikaa mu sanduku, na nafasi ya Lusaka ilikuwa inaenda siku kwa siku. Nilimuendea Albertine, nikamuambia: "Saidia, ambia bantu banyamaze." Akajibu: "Mimi? Mimi nilisema nini? Ni wewe ulisimama mu salle." Na kweli. Hakusema kitu, ule mwanamuke. Alipiga paka mikono tu.

Usiku sikulala, nikatafuta. Kuomba musamaha ku dirisha haingefaa kitu, avenue haingesikia. Hapa kwetu, kama unaogopa muntu, hauli kwake. Na kama umemuchafua, kuko namna moja ya kumusafisha: ukule kwake, meso ya bantu yakiona, chakula yee mwenyewe alipika. Barua ya chef de quartier, mukubwa wa mutaa, haipiti hiyo.

Nikaenda saa sita ya muchana, pale avenue imejaa. Nikabisha. Dirisha likafunguka kidogo.

"Nilikuja kula," nikasema na nguvu.

Feruzi aliniangalia. "Kula nini?"

"Ile iko."

"Iko wali na maharagi. Haina chumvi," akasema. "Ulileta ya kwako?"

Nilistahili. Akatoa meza ku baraza, akaleta sinia moja, maji ya kunawa, na akakaa upande wake. Upande wa pili wa avenue, mama mwenye kuuza mikate aliacha mikate yake. Batoto balisimama. Bafundi ba baiskeli bakaacha kupiga nyundo.

"Mama!" yule wa mikate akaniita. "Unakula kweli?"

"Nakula."

"Tunaona unashika tu. Meza basi!"

"Mwachie atafune!" fundi mumoja akasema. "Wali ya mwanaume peke yake, labda iko na mawe!"

Bakacheka. Feruzi pia alicheka, kidogo. Nikatia mu kinwa, nikameza. Sitabadanganya, bamama. Niliogopa. Kila tonge nilikuwa nasikiliza mu tumbo yangu kama kuko kitu kinageuka. Nilikula nusu ya sinia na nilikuwa naogopa mpaka tonge la mwisho. Lakini nilikula.

Nilipomaliza kunawa, akasema: "Mutoto akuje siku ya ine. Mulango utakuwa wazi, bajirani balalamike. Na wewe utakaa hapa hapa, kila mara. Kama unanichunga, unichunge na meso."

Na nilimuchunga. Nilikaa ku kiti mu mulango, mikono ku magoti, naangalia vidole byake, naangalia kinwa yake. Anakanyaga mashini ya kushona, ile taka-taka-taka, na Mapalo anapiga juu yake. Katikati anaacha kukanyaga bila kusema, na mutoto anaendelea peke yake, kisha anakanyaga tena kusikia kama bako bado pamoja. Mara mutoto alikuwa amekimbia. Mara alikuwa palepale. Muzee hamugusi. Hamukaribii. Anashona suruali na anasema: "Ulishasema." "Acha nafasi, unajaza kama muntu mwenye kuogopa kunyamaza." Ni ile tu. Nilingojea ingine ionekane. Nilingojea na nguvu. Haikuonekana.

Lakini bec haikuwako. Ile nilichemusha ilikufa kabisa. Feruzi alipata ingine kwa rafiki yake, mupya, ngumu, mutoto alikuwa anapigana nayo. Ilibaki masomo tatu. Miezi tatu alijenga na bec moja, ile masomo tatu haikutosha kuanza na ingine.

Ku salle, mara ya pili, alipiga muzuri kupita mara ya kwanza. Aliacha nafasi. Kuko pahali alinyamaza mpaka nikafikiri amesahau, kisha akajibu, na Bahati akapiga kelele "Aaa, yaya!" Jean-Claude alitikisa kichwa cha kukubali. Kisha alichukua kijana mumoja wa Likasi, mwenye sauti yake ilikuwa tayari. Alimuambia Mapalo: "Sasa unasema. Sauti bado. Uniletee ile sauti mwaka kesho." Balienda Lusaka bila yee.

Feruzi, bateja bake nusu balirudi, nusu balipata fundi mwengine. Makala ku mulango aliifuta, lakini ukipita muchana unaona bado.

Bamama, mimi sibaambii muache kuchunga batoto. Muchunge. Mwalimu mwenye kufunga mulango, mubishe. Muingie, muikale, muulize maulizo yenye kumusumbua, siku mingi. Lakini muulize yee, kinwa kwa kinwa. Musiulize jirani. Na kama musipoona kitu, musisimame mbele ya bantu kusema kile muliogopa, hata kama ni kweli muliogopa.

Ile mara ya pili tulitoka mu salle pamoja. Nilimuambia: "Mapalo, mwanangu..." Akasema: "Maman, usiseme kitu. Twende." Nilinyoosha mukono nimubebee saxo, vile nilimubebeaka tangu iko na miaka kumi na mbili. Akaivuta upande wake.

Mpaka leo anaibeba mwenyewe.